Asilimia 30 ya bahari na gunia la majongoo: mikataba ya kimataifa inambana mvuvi au inaibana serikali?

Katibu wa Ufuo

Assalaam aleikum, ndugu zangu na wazee wangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, upande wa kaskazini wa Mombasa, na nimekuja na swali ambalo limetutoa jasho barazani bila kupata jibu.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa kwenye semina. Mtoa mada, kijana mpole mwenye picha nyingi za ukutani, alitueleza kwamba mwaka 2022 nchi za dunia, Kenya ikiwamo, zilikubaliana huko Montreal kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo mwaka 2030. Wavuvi walipoisikia hiyo asilimia, kila mmoja aliipima kwa jicho lake, kuanzia mlango wa mwamba mpaka kwenye maboya ya paki ya bahari, akatoa karibu theluthi, na kilichobaki akakiona hakimtoshi. Mzee mmoja aliyeanza kutega malema kabla paki haijawekwa aliinua mkono akauliza kwa adabu kabisa, "Huyo Montreal ni nani, na lini alivua hapa?" Watu walicheka, mtoa mada naye akacheka, na swali likapita hivyo hivyo.

Siku chache baadaye mwenzetu mmoja alipeleka gunia la majongoo wa bahari waliokaushwa kwa mnunuzi wake wa siku zote mjini, akarudishwa nalo. Aliambiwa kwamba baadhi ya majongoo wale wanahitaji kibali cha CITES, yaani mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kwamba mnunuzi hayuko tayari kujitia matatani kwa ajili ya gunia moja.

Sasa barazani mambo haya mawili yamechanganywa yakawa kitu kimoja kinachoitwa "sheria za wazungu". Ninachotaka kujua ni kama mikataba hii ina nguvu juu ya mvuvi mwenyewe au juu ya serikali peke yake, kwa nini mmoja unazungumza kwa asilimia na mwingine kwa jina la mnyama, na tukiona tunaonewa tuanzie wapi. Naomba anayejua anieleze taratibu, kwa sababu nitatakiwa kuyasimulia tena mbele ya watu ambao hawana subira na maneno ya semina.

Wakili wa Makadara

Wa aleikum salaam, Bwana Katibu. Mzee wenu ameuliza swali la kisheria pengine bila kukusudia, nalo lilistahili kujibiwa palepale.

Mkataba wa kimataifa ni ahadi baina ya dola na dola. Anayetia saini ni serikali, na anayedaiwa ni serikali hiyo hiyo. Hakuna kifungu katika Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kuhifadhi aina zote za viumbe ambao ndio uliozaa hiyo asilimia 30 ya Montreal, kinachomwambia mvuvi wa Mombasa afanye hili au aache lile. Maneno ya mkataba huo yalipitishwa Nairobi tarehe 22 Mei 1992, ukafunguliwa kwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwezi uliofuata, ukaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1993, na Kenya iliuridhia mwaka 1994. (Hiyo Nairobi husahauliwa sana. Tunaongea kana kwamba mambo haya yote yalishuka na meli kutoka ng'ambo, ilhali waraka wenyewe ulikamilishwa mwendo wa usiku mmoja kwa basi kutoka hapa.)

Ni kweli kwamba Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya, na tangu mwaka 2012 tuna sheria inayolitaka Bunge lishirikishwe kabla ya kuridhia. Lakini kuwa sehemu ya sheria ni jambo moja, na kuwa na amri inayotekelezeka ni jambo jingine. Ukiusoma Mkataba wa Bioanuwai utakuta vifungu vyake vingi vizito vinaanza kwa maneno "kadiri inavyowezekana na inavyofaa". Ndiyo gharama ya kuzikalisha nchi zaidi ya 190 kwenye mkeka mmoja. Kila moja imeachiwa nafasi ya kunyoosha miguu. Marekani, hata kwa masharti hayo laini, ilitia saini mwaka 1993 na mpaka leo haijauridhia.

Hiyo asilimia 30 nayo ni laini zaidi ya mkataba wenyewe. Ni lengo la 3 kati ya malengo 23 yaliyo katika Mfumo wa Kunming na Montreal, uliopitishwa Desemba 2022. Mfumo huo ni uamuzi wa mkutano wa nchi wanachama wa mkataba ule ule wa 1992, wala si mkataba mpya, na hauna mahakama wala adhabu. Kila nchi hutakiwa kuandaa mkakati wake na kutoa taarifa ya ilipofikia. Vilevile 30 hiyo imetajwa kwa dunia nzima. Haikugawiwa kila nchi, sembuse kila ufuo, kwa hiyo mvuvi aliyepima theluthi kutoka mlango wa mwamba alipima kitu ambacho hakikuandikwa.

Mtoa mada wenu angewasomea lengo hilo mpaka mwisho, nadhani baraza lingetulia, kwa sababu sentensi ile ile inayotaja asilimia 30 inasema pia kwamba haki za watu wa asili na jamii za wenyeji zitambuliwe na kuheshimiwa, pamoja na haki zao juu ya maeneo yao ya jadi. Semina nyingi huishia kwenye namba.

Sasa kwa nini wavuvi wana hofu, ikiwa mkataba hauwagusi? Hofu yao ina chanzo halisi, ila chanzo hicho kiko hapa nyumbani. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, miaka 6 kabla ya Rio. Sehemu ya ndani, ile mnayoiita paki, ni kama kilomita 10 za mraba na haivuliwi kabisa. Sehemu inayoizunguka ni kama kilomita 200 za mraba, nayo uvuvi wa jadi unaruhusiwa. Mstari ule ulichorwa kwa sheria ya Kenya, na leo ukisogezwa utasogezwa kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, ambayo ina taratibu zake za mashauriano. Katiba, kifungu cha 10 na cha 69, inataka wananchi washirikishwe. Kwa hiyo mtu akija na mkataba mkononi akataka msogee, mwulizeni ni sheria gani ya Kenya anayoitumia, kifungu kipi, ramani iko wapi na kikao cha kusikiliza maoni ni lini.

Wakala Mstaafu wa Kilindini

Wakili amekujibu vizuri upande wa asilimia. Mimi niachieni gunia, maana nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka mingi na vibali hivi nimevishika kwa mikono yangu.

CITES ni mkataba wa biashara. Ulitiwa saini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975, na Kenya imo tangu mwaka 1978. Hausimamii namna unavyovua wala mahali unapozamia. Unauliza ni kitu gani kinavuka mpaka wa nchi, na kina karatasi au hakina. Ndiyo sababu unazungumza kwa majina ya wanyama. Wanyama na mimea wamepangwa katika viambatisho vitatu. Walio katika cha kwanza hawauzwi nje kwa biashara kabisa, na humo wamo kasa wote wa baharini, ng'amba akiwa mmoja wao, pamoja na ndovu wetu waliopandishwa humo mwaka 1989. Cha pili kina wanaoweza kuuzwa kwa kibali, na kibali hicho hutolewa baada ya wataalamu kuridhika kwamba mauzo hayo hayatadhuru uhai wa spishi hiyo huko iliko. Cha tatu ni cha wale ambao nchi moja imeomba kusaidiwa kuwalinda, na hakina uhusiano na gunia lenu.

Majongoo wa mwenzenu wako katika cha pili, lakini si wote. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa Geneva, waliingizwa majongoo wa aina tatu ambao ubavuni wana vinundu kama chuchu, na masharti yakaanza kutumika mwaka 2020. Wawili kati yao wamo katika bahari yetu. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, wakaongezwa wale wa jamii ya jongoo mwenye mgongo kama ganda la nanasi. Wengi wa waliobaki hawamo.

Taabu iko hapo. Jongoo akiwa mbichi, mzamiaji yeyote wa pwani hii atakutajia aina yake hata gizani. Lakini akishapasuliwa, akatolewa matumbo, akachemshwa na kuanikwa siku kadhaa, hujikunja akabaki kama kipande cha kuni kilichoungulia jikoni. Vile vinundu vya ubavuni husinyaa, rangi hupotea, na jongoo wa bei ya chini hufanana na jongoo wa kibali. Mnunuzi akiwa na magunia 20 yaliyochanganywa, ofisa akifungua moja akaona vipande vitatu vya kutiliwa shaka, haondoi vipande vitatu. Anashikilia shehena yote, na gharama za kuhifadhi kontena zinaanza kuhesabika siku ile ile. Mnunuzi wenu hakumdharau mvuvi. Aliogopa kuchanganya.

Nilishaona mambo ya namna hiyo kwa mteja wangu. Alikuwa anapeleka nje makasha ya kombe na kauri za mapambo, na kijana wake wa kufungasha, kwa nia njema ya kujaza nafasi tupu ili kombe zisivunjike, akatia vipande vya matumbawe alivyoviokota ufuoni. Matumbawe magumu yamo katika kiambatisho cha pili. Karatasi zilitaja kombe tu. Meli ikaondoka, makasha yakabaki, na sisi tukakaa tunatafuta kibali cha vitu vilivyokwisha kufungwa, ingawa kibali cha CITES huombwa kabla ya kusafirisha. Hapa kwetu mamlaka inayokitoa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mauzo ya ndani ya Mombasa hayahusiani na CITES hata kidogo. Lakini asije mtu akafurahi, kwa sababu kwa wanyama kama kasa ndipo Sheria ya Wanyamapori aliyoitaja Wakili inapouma, nayo haijali kama mzigo unavuka mpaka au unakwenda soko la Kongowea.

Jambo moja zaidi kwa wale wanaosema mikataba haina meno. CITES haina askari, lakini ina mkutano wenye kumbukumbu ndefu. Mwaka 2013 Kenya iliwekwa kwenye kundi la nchi nane zilizotakiwa kueleza kwa maandishi zitakavyozuia biashara haramu ya pembe za ndovu, na bandari yetu ilikuwa katikati ya maelezo hayo. Nchi isiyojirekebisha inaweza kukuta wanachama wenzake wanashauriwa wasinunue kwake spishi zilizoorodheshwa. Mwaka 2015 Singapore ilinasa tani 3.7 za pembe zilizofichwa kwenye shehena ya majani ya chai kutoka Kenya, na baada ya hapo hata msafirishaji wa chai halali aliuhisi mkataba huo katika ukaguzi.

Katibu wa Ufuo

Nawashukuru sana, Wakili na mzee wangu Wakala. Sasa angalau nimeweza kuyatenganisha. Lakini imebaki sehemu ya swali langu, na pengine ndiyo inayoniuma zaidi. Ikiwa anayedaiwa ni serikali, na serikali isipolipa deni lake, mimi nakwenda kwa nani? Maji machafu yanaingia mikokoni kila siku, watu wanakata boriti usiku, na samaki wadogo wanaokulia humo ndio hao tunaoambiwa wamepungua kwa sababu yetu.

Bint wa Mikindani

Kaka Katibu, mimi nimo katika kikundi cha akina mama kinachopanda mikoko, kwa hiyo hayo maji machafu nayajua kwa harufu yake. Maji yakipwa kwenye mkondo wa Tudor utaona mizizi ya mchu, ile inayochomoza juu ya tope ili mti upumue, imevikwa matope meusi na vipande vya mifuko ya plastiki, mingine ya zamani kabla mifuko hiyo haijapigwa marufuku mwaka 2017. Mti wenye mizizi iliyozibwa hivyo haukatwi na mtu. Unakauka wenyewe taratibu, na kwenye taarifa hauhesabiwi kama umekatwa.

Kwa heshima zote naona Wakili ameupunguza mno uzito wa mikataba. Maneno laini hugeuka kuwa magumu yakifika mahali panapofaa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Ukifika huko, mkataba uliokuwa laini unakuwa shahidi wako, kwa sababu serikali haiwezi kusema haikujua wajibu ambao yenyewe iliuridhia. Tena kabla ya mahakama kuna Baraza la Rufani la Mazingira. Mwezi Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe kule Lamu, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kuna mkataba mwingine ambao hakuna aliyeutaja, nao ndio ulio karibu nasi kuliko wote. Mkataba wa Nairobi ulitiwa saini mwaka 1985 na kuanza kutumika mwaka 1996, na unazihusu nchi kumi za bahari hii yetu ya magharibi ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, Ufaransa ikiwamo kwa sababu ya Réunion. Unazitaka nchi hizo zizuie uchafu unaotoka nchi kavu kuingia baharini, jambo ambalo ndilo kilio chako. Sijawahi kuusikia ukitajwa kwenye semina hata moja ya pwani, na huwa najiuliza kwa nini wa mbali ndio unaotajwa.

Kuhusu ile asilimia 30, Wakili ameishia njiani. Lengo hilo halisemi paki peke yake. Linakubali pia maeneo mengine yanayohifadhiwa kwa njia nyingine zenye matokeo, hata kama hayakutangazwa na serikali kuwa hifadhi. Kwa lugha ya huku kwetu, tengefu, yaani eneo la bahari ambalo wavuvi wenyewe wamekubaliana kutolivua, linaweza kuingia humo. Wavuvi wa Kuruwitu, kule Kilifi, walitenga wenyewe kama hekta 30 za bahari miaka ya 2000, hawazivui, na wanavua pembezoni mwake samaki wanaotoka humo. Kwa hiyo swali la baraza lenu lisiwe tu "watatunyang'anya kiasi gani", kwa maana mna uwezo wa kuchagua nyinyi mahali pa kutenga, mkatunga kanuni zenu chini ya taratibu za BMU, na mkataka jina la kikundi chenu liandikwe kwenye karatasi kabla mtu mwingine hajalihesabu eneo hilo kwenye asilimia yake. Hili la mwisho nakusisitizia, kwa sababu eneo linaweza kuhesabiwa Nairobi bila aliyelilinda kujua kwamba limehesabiwa.

Gazi wanakotunza na kupanda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tangu mwaka 2013, ni habari nyingine. Pale fedha zinatoka kwenye soko la hiari, yaani kwa wanunuzi wasiolazimishwa na sheria, na wageni wengi wa semina huzichanganya na mikataba hii.

Wakili wa Makadara

Dada yangu, nakubali nimesahihishwa kuhusu kifungu cha 70 na kuhusu tengefu. Nabaki na msimamo wangu kwenye neno moja: ukienda mbele ya jaji na mkataba peke yake, bila sheria ya nchi ya kuushikilia, utasikilizwa kwa upole kisha utaulizwa kifungu. Nenda na vyote viwili. Bwana Katibu, kwa hayo maji machafu anzeni kwa malalamiko ya maandishi kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na kwa kaunti, yenye tarehe, mahali na picha zilizopigwa maji yakiwa yamekupwa, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, miaka miwili baadaye mtaambiwa hamkuwahi kulalamika.

Katibu wa Ufuo

Nimeelewa, na nimeandika yote kwenye daftari la kikundi. Ijumaa baada ya swala tutakutana bandani. Nitasoma lengo la 3 mpaka nukta ya mwisho, na yule mzee wetu ameshaniagiza nimwandikie kwa herufi kubwa sehemu ile ya haki za wenyeji, kwani anasema miwani yake ni ya kutazama mbali. Wazo la tengefu litaleta mjadala mrefu, hasa kwa wenye juya, lakini afadhali tugombane wenyewe juu ya mahali tunapopajua.

Mzee wangu Wakala, limebaki gunia. Bado liko stoo kwetu, na mwenyewe anauliza afanye nini.

Wakala Mstaafu wa Kilindini

Mwambie amwage gunia lote kwenye turubai na awatenge kwa aina kadiri anavyoweza, akianza na wale wanene wenye alama za vinundu ubavuni na wale wa mgongo wa nanasi. Hao awaweke kando, asiwauze, na aende KWS kuuliza kabla ya kuulizwa. Waliobaki ampelekee mnunuzi wakiwa wametengwa, kila aina na mfuko wake. Na kuanzia sasa kila jongoo apigwe picha akiwa mbichi, mgongo na tumbo, kabla hajatiwa sufuriani.